Mavyaa Aliposimama Mbele ya Baraza la Mji

Bwana afya alikuja asubuhi tukiwa kisimani. Alisimama mbali kidogo, akageuza uso ukutani kwa adabu, akasema, "Mabibi, niwieni radhi. Kisima hiki kitafungwa. Baraza la mji limeamua."

Mavyaa, mamake mume wangu, alikuwa ameinamia ndoo yake. Hakuinuka. Aliuliza tu, kwa sauti ile ile aliyomwulizia muuza samaki kama samaki ni wa leo, "Baraza ndio nani?"

Kwetu sisi baraza lilikuwa lile benchi la mawe nje ya mlango, wanaume wanapokaa jioni na kahawa zao. Kwamba kulikuwa na baraza jingine, na kwamba hilo lingeweza kuamua jambo la kisima chetu bila mmoja wetu kusikia, lilikuwa neno geni.

"Ni wakubwa wa mji, bibi," akasema bwana afya. "Hukutana, wakazungumza, wakaamua. Mtapata mfereji wa maji ya bomba, lakini si hapa. Utawekwa njia kuu, karibu na soko la samaki."

Akaondoka. Sisi tulibaki tumeshika kamba.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, ingawa unga na sukari bado vilipatikana kwa taabu. Mume wangu alikuwa karani bandarini Kilindini, akihesabu mizigo inayoshuka melini, na mimi nilikuwa bado mgeni katika nyumba yao ya Mji wa Kale. Kisima kilikuwa katika uwanja mdogo uliozungukwa na migongo ya nyumba, na hakuna mwanamume aliyepita pale bila kukohoa kwanza. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo, lakini tulifulia, tulioshea vyombo, na watoto waliyanywa tukiwakataza na tusipowakataza. Pale ndipo tulipopata habari za harusi na za wagonjwa. Njia kuu ilikuwa ya hamali wa mizigo, mikokoteni na mabaharia, na hakuna mama aliyekuwa tayari kumtuma binti yake huko na mtungi mchana kweupe.

Jioni ile wanawake wa nyumba zote za jirani walipanda chumbani kwa mavyaa. Alikuwa mjane, mnene, mwenye ulimi mkali. Wauza maziwa walimwogopa, na mimi pia nilimwogopa. Walisema wote kwa pamoja, kisha wakakubaliana kwamba yeye ndiye atakayekitetea kisima. Jirani wetu mmoja, ambaye nyumba yake ilikuwa mwanzo wa uchochoro wa kwenda kisimani, alisema, "Wewe wakikusikia watarudi nyuma. Waambie kisima hiki ni cha mababu zetu, na hakikuua mtu."

"Nitawaambia," mavyaa akasema.

Katika baraza lile alikuwako mtu wetu mmoja, ami yake mume wangu. Mavyaa alimwita siku ya pili. Alikuja amevaa kanzu na koti, akaketi dakani, pale ndani ya kizingiti ambapo wageni wa kiume hupokelewa, na sisi tukakaa nyuma ya pazia.

"Shemeji," mavyaa akasema, "siku waliyoamua kufunga kisima, nawe ulikuwako?"

"Nalikuwako."

"Ukasema nini?"

"Sikusema. Niliinua mkono."

"Uliinua mkono kufunga kisima ulichotawadhia tangu utotoni?"

Ami hakuwa mtu wa kusema uongo. "Daktari alisema maji ni mabaya, shemeji. Na mambo yalikuwa mengi siku ile. Lilisomwa, tukaulizwa nani anakubali, tukainua mikono, tukaendelea na jingine."

"Jambo hilo lilichukua muda gani?"

"Muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Labda hata haukufika."

Niliona mgongo wa mavyaa ukinyooka. Nadhani hapo ndipo mshangao wangu ulipoanza, kabla sijaliona jumba la baraza. Kisima kile kilikuwa na alama za kamba kwenye jiwe, mifuo myembamba iliyochimbwa na mikono ya wanawake waliokufa kabla bibi yangu hajazaliwa. Na watu wameweza kukiondoa kwa kuinua mikono, kahawa haijapoa.

"Na mtu akitaka kusema nao?" mavyaa akauliza.

"Huomba. Akiruhusiwa, huja akasikizwa."

"Na mwanamke?"

Ami alicheka kidogo, si kwa dharau. "Sijui sheria inayomkataza. Hakuna aliyejaribu."

"Basi niombee."

Mume wangu hakulipenda jambo lile. Alihofu wakubwa wake kazini wasije wakasema mamake ni mtu wa fitina. Lakini kumkataza mamake hakuweza. Aliniambia tu, "Akienda, nenda naye. Umshike mkono pale kwenye ngazi, maana miguu yake si mizima."

Siku ilipofika tulivaa mabuibui yetu tukatoka. Tuliipita Ngome, tukaingia katika upande ule wa mji wenye barabara pana na miti iliyopandwa kwa mstari, ambako sikuwa nimewahi kwenda kwa miguu yangu. Tulipofika chini ya ngazi za jumba la baraza mavyaa alisimama.

"Waogopa, mama?" nikamwuliza.

"Watu siwaogopi. Naogopa hili jumba." Kisha akapanda.

Askari wa mlangoni alituonyesha viti vya nyuma, vya watu wanaokuja kusikiliza. Tulikuwa peke yetu. Chumba kilikuwa kirefu, chenye dari ya juu sana na pangaboi zikizunguka polepole. Katikati palikuwa na meza kubwa iliyopinda kama kiatu cha farasi, na mbele ya kila mjumbe gilasi ya maji iliyofunikwa kitambaa chenye shanga. Wengi wao walikuwa Wazungu. Wahindi walikuwa wachache, na ami alikaa karibu na mwisho wa meza. Watu wa bara waliobeba mji ule mabegani, wa bandarini na wa reli, sikumwona hata mmoja wao mezani. Niliyemwona alikuwa mkalimani, kijana wa bara aliyevaa suti iliyopigwa pasi vizuri. Alikuja akaketi karibu nasi, akasema, "Sabalkheri, mama zangu. Nitawaeleza kila kinachosemwa." Na kweli alitueleza, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama cha kitabuni.

Jambo letu halikuwa la kwanza. Tulikaa tukasikiliza mambo ya watu wengine, na mpaka leo sijasahau hisia niliyoipata pale.

Walizungumza juu ya mbuzi wanaozurura sokoni. Walizungumza kama mikokoteni iruhusiwe kupita njia fulani baada ya adhuhuri. Mtu mmoja alisema kona fulani ina giza na watu wanajikwaa, wakaulizana taa iwekwe upande upi wa njia, na mzee mmoja akasema iwekwe upande wa kushoto, maana wa kulia kuna mti utakaoizuia. Wakakubaliana, wa kushoto. Walizungumza juu ya saa ya kuchukuliwa takataka, na juu ya ukuta wa makaburi uliobomoka.

Mimi nilizaliwa katika mji ule. Taa za njiani nilizijua tangu utotoni, na zilikuwa kwangu kama nyota, ziko tu. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu fulani, akiwa na jasho shingoni na gilasi ya maji mbele yake, alisema "hapa," na taa ikawa pale. Nilianza kuuona mji mzima upya nikiwa nimekaa kitini. Kila ngazi, kila mtaro, kila jiwe la kona lililokatwa ili gari lipite, kulikuwa na siku mtu alisema juu yake, na mwingine akapinga, na mikono ikainuliwa. Nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma ya dunia akaonyeshwa jinsi inavyoendeshwa.

Na tena hakuna aliyemkatiza mwenzake. Hilo nalo lilinishangaza. Mtu alisema mpaka akamaliza, hata aliyekuwa akisema upuuzi.

Kisha mwenyekiti, Mzungu mwenye nywele nyeupe aliyeishi mtaa wa Kizingo, alitaja kisima chetu. Kabla ya kumwita mavyaa, alimwomba daktari wa mji aeleze tena sababu.

Daktari alikuwa kijana. Alisimama akitazama chini, akasema mambo yake kwa utaratibu, na mkalimani akatuletea neno kwa neno. Alisema ardhi ya kisiwa chetu ni mawe ya matumbawe, yenye matundu kama sifongo. Alisema vyoo vya nyumba zetu ni mashimo yaliyochimbwa katika mawe yale yale, na kinachomwagwa shimoni hakikai shimoni, hupenya katika matundu, polepole, mpaka kikafika kisimani. Alisema ameyapima maji yale, na kwamba homa ya matumbo inayowapata watoto wa mitaa yetu kila mwaka hutoka humo.

Mavyaa alikuwa ameushika mkono wangu tangu ngazini. Mkalimani aliposema maneno yale, aliukaza mpaka vidole vikaniuma. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa wazi kutoka kwenye macho mpaka kidevuni, na haukuwa na rangi.

"Ati maji ya chooni?" alimwuliza mkalimani.

"Ndivyo anavyosema, mama."

"Hupita ndani ya mawe?"

"Ndivyo anavyosema."

Akaitwa. Alisimama. Nami nilisimama naye, kwa sababu mkono wangu hakuuachia. Wajumbe wote waligeuka, viti vikalia sakafuni. Mavyaa hakusema. Nilimjua kama mwanamke asiyekosa la kusema hata usingizini, na sasa alisimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Pangaboi zilizunguka. Mwenyekiti alianza kufungua kinywa, nadhani alitaka kumwambia aketi apumzike, na ndipo mavyaa aliposema.

"Nimetumwa kuja kuwaambia kisima chetu hakikuua mtu," akasema. "Ndilo neno nililopewa na wenzangu."

Mkalimani akatafsiri.

"Nilikuwa na mtoto wa kike," mavyaa akaendelea. "Kabla sijamzaa mume wa huyu. Alikuwa hapendi maji ya mtungini. Alikuwa akienda mwenyewe kisimani, akanywa kwa kata pale pale, amesimama. Nilikuwa nikimkanya. Nilimkanya kwa sababu ya adabu, kwamba mtoto wa kike hanywi amesimama. Sikumkanya kwa sababu ya maji."

Mkalimani akatafsiri na hayo.

"Homa ya matumbo ikamchukua. Nimesema ni amri ya Mungu, na hata sasa nasema ni amri ya Mungu. Lakini leo nimesikia maji yale yanapita wapi kabla hatujayateka. Basi kifungeni. Msingoje kesho."

Nilikuwa nimeishi naye katika nyumba moja, nimekula naye sinia moja, na sikuwahi kuambiwa habari za mtoto huyo. Na niliwaona wenzetu wote, wale waliojaa chumbani kwake wakimtuma, kana kwamba wamesimama nyuma yetu.

"Lakini nina neno jingine," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imerudi, ile ya kuwatisha wauza maziwa. "Mkifunga kisima na mfereji mkauweka sokoni, wanawake wetu hawatakwenda sokoni. Watangoja mlale, wafungue kisima. Nawajua. Mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza. Uleteni mfereji pale pale penye kisima, ili hata anayekipenda asikitamani."

Akaketi. Nikaketi.

Mhandisi wa mji alisema haiwezekani, kwa kuwa uchochoro ni mwembamba na nyumba ni kuukuu, na kuchimba karibu na kuta zile ni kuzitia hatarini. Mjumbe mwingine alisema mtaa huu ukipewa, kila mtaa utadai. Maneno yao yalikuwa na maana, nami nilianza kukata tamaa. Ndipo mjumbe mmoja Mhindi, mwenye duka la nguo, mtu mzima mwenye miwani, aliuliza kwa upole, "Katika sisi tuliokaa hapa, nani ameuona uchochoro wenyewe?"

Ami aliinua mkono. Daktari akainua. Wengine walitazamana.

"Basi," mwenye duka akasema, "pengine tukautazame."

Mwenyekiti aliafiki, jambo likaahirishwa, na bila hata kuvuta pumzi wakaingia katika habari ya leseni ya mwoka mikate.

Tuliporudi, mavyaa hakusubiri kuulizwa. Aliwaita wanawake wote akawaambia alivyosema. Wengine walilia. Jirani wetu wa mwanzo wa uchochoro aliinuka akajifunga leso yake. "Tulikutuma ukitetee," akasema, "umekwenda ukakiuza." Akashuka ngazi, na tangu siku ile hakutuitikia salamu.

Wajumbe walikuja asubuhi moja. Gari la mwenyekiti liliachwa njia kuu kwa kuwa halikuweza kuingia, wakaja kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, kofia mikononi. Wanawake walitazama kutoka madirishani. Ami aliingia mbele akikohoa. Mhandisi alipima upana wa njia kwa utepe wake, akagonga kuta, akapiga magoti, hakujali suruali yake. Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja kwenye kisima. Alikizunguka, kisha akakiona kile nilichokuwa nikikiona kila siku bila kukitazama, zile alama za kamba kwenye jiwe. Alitia kidole chake katika moja, kikaingia karibu chote. Alisimama hivyo muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Nilikuwa juu, nyuma ya dirisha, na nilielewa kwamba yeye naye ameshikwa na mshangao ule ule ulionishika mimi kule barazani kwake. Mavyaa aliwashushia kahawa na visheti, wakala wamesimama.

Mhandisi alisema njia iko moja. Bomba lisipite katikati ya uchochoro penye misingi, lipite chini ya daka la nyumba ya mwanzo, penye ardhi imara. Lakini mwenye nyumba sharti akubali, kwani ni mali yake, na baraza halitachimba mlangoni kwa mtu kwa nguvu.

Mwenye nyumba alikuwa yule jirani.

Alikataa. Ami alimwendea, akakataa. Mumewe alisema hana neno, lakini nyumba ni ya mkewe, aliirithi kwa babake. Siku zilipita. Mkutano wa pili ulikuwa ukikaribia, na ami alitueleza kwamba bila ridhaa ile jambo halitasomwa hata kidogo, na mfereji utakwenda sokoni kama ilivyoamuliwa mwanzo.

Alasiri moja mavyaa aliniambia nivae buibui. Tulikwenda mpaka mlangoni kwa jirani, akapiga hodi. Jirani alifungua mwenyewe. Hakutukaribisha, wala hakufunga mlango.

"Sikuja kwa ajili ya bomba," mavyaa akasema. "Nimekuja kukuomba radhi. Mlinituma niseme hili, nikasema lile. Ingekuwa haki nirudi kwanza niwaulize."

"Mbona hukurudi?"

"Ningerudi, nisingeweza kusema tena. Nilipata nguvu mara moja tu."

Jirani alimtazama. Walikuwa wamekua pamoja, wale wawili, walitiwa hina pamoja, na kwa muda ule wote niliokaa katika mtaa sikuwahi kuwaona wakitazamana namna ile.

"Yule mtoto," jirani akasema polepole, "alikuwa na wangu, siku ile. Walikwenda kisimani pamoja. Wangu hakupata kitu."

"Najua."

"Nimekuwa nikiogopa kukutajia."

"Najua hilo pia."

Nilitazama chini, maana niliona si jambo langu. Baadaye jirani alipangusa uso wake kwa ncha ya leso, akasema kwa ukali, kama aliyekumbuka kwamba amekasirika, "Wachimbe. Lakini waniambie kwanza, na jiwe la kizingiti changu lirudi lilivyokuwa, si jingine."

Siku ya mkutano wa pili tulikuwa watatu kwenye viti vya nyuma, kwa kuwa jirani alisema atakwenda kuhakikisha neno lake la kizingiti linasemwa. Lilisemwa. Ami alilisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, na mwenyekiti akaagiza liandikwe. Yule mjumbe aliyepinga alipinga tena, na alisema vizuri, kwamba maji ya kisiwa si mengi na meli nazo zinayataka. Mwenye duka la nguo akajibu. Kisha mwenyekiti akauliza, na mikono ikaanza kuinuka.

Niliitazama mmoja mmoja. Kulikuwa na mkono mnene wenye pete. Kulikuwa na wenye wino vidoleni. Mkono wa ami ulikuwa juu kabisa, na mkono wa mwenye duka ulikuwa nusu tu, kiwiko mezani, kama mtu anayemwita mtumishi. Mingine haikuinuka. Kwa muda kidogo sikuweza kujua mingi ni ipi. Ilikuwa mikono ya kawaida, yenye mishipa na madoa ya uzee, na hata hivyo nilijua kwamba katika ukimya ule maji yalikuwa yakigeuzwa njia, na watoto ambao hawajazaliwa walikuwa wakipewa au wakinyimwa kitu, nao hawatajua kamwe.

"Limepita," mkalimani akatunong'oneza.

Mwenyekiti alikuwa tayari anasoma jambo linalofuata.

Walichimba wakati wa kaskazi. Mafundi waliliondoa jiwe la kizingiti kwa nyenzo, wakalilaza juu ya magunia, na jirani aliwasimamia kutoka mlango wa ndani kama anayelinda mgonjwa. Likarudi lile lile. Kisima kilifunikwa zege. Wanawake kadhaa walisoma Fatiha kabla ya zege kumwagwa, na mafundi, ambao walikuwa watu wa bara na Wakristo, waliweka chini karai zao wakavua kofia mpaka tulipomaliza.

Mfereji ulipofunguliwa ulikohoa kwanza. Ukatema maji mekundu ya kutu, kisha hewa, kisha ukatulia, na maji yakawa meupe. Hakuna aliyepiga kigelegele. Tulisimama tu tukiyatazama yakimwagika juu ya zege, mpaka bwana afya aliyekuwa amegeukia ukutani akasema, "Mabibi, tafadhali, yafungeni hayo, yanapotea." Mavyaa akachota kwa kiganja. Alikunywa amesimama.

Homa haikwisha mtaani siku moja, maana visima vilikuwa vingi na chetu kilikuwa kimoja tu. Lakini katika nyumba zetu ilipungua mpaka tukaacha kuitaja, na wanangu wote niliowazaa baadaye walikua.

Sisi wawili, mavyaa na mimi, hatukuacha kwenda. Kila walipokutana, miguu yake ikimruhusu, tulikwenda tukakaa viti vya nyuma. Hatukuwa na jambo. Mkalimani alituzoea, akawa anatuwekea nafasi karibu na dirisha penye upepo. Mume wangu aliacha kuona haya, akaanza kutuuliza jioni wameamua nini, na mavyaa alimsimulia kila kitu, mitaro na majani ya kukatwa na mbwa wasio na wenyewe, mpaka chakula kikapoa.

Siku moja walibishana tangu asubuhi juu ya mikokoteni ya takataka, ipite njia ipi isiwanukie watu. Joto lilikuwa kali. Mwenyekiti alikuwa amelegeza tai yake, na yule mjumbe mpinzani alikuwa anasinzia. Nilidhani mavyaa naye amesinzia, lakini nilipomgeukia nilimkuta ameegemea mbele, macho yamemtoka.

"Hebu watazame," akaniambia. "Watu wazima, kila mtu na kwake, wameketi kutwa wanafikiria taka zetu."

Kisha akaniashiria ninyamaze, maana mwenye duka la nguo alikuwa anaanza kusema, na alitaka kumsikia.